Lenzi za Nikon kwenye kamera ya sinema: kisa cha pete iliyozidi unene

Lalamiko lilikuwa fupi: lenzi ya milimita 24 haifiki infiniti, yaani haiwezi kulenga vitu vya mbali kabisa. Aliyelileta ni mpiga picha mkuu wa filamu ya makala kuhusu mafundi wa majahazi wa Nungwi, kaskazini mwa Unguja. Alikuja Dar es Salaam na boksi zima la lenzi pamoja na diski ya picha alizozitilia shaka. Mimi kazi yangu ni kukagua vifaa vya kamera, vinapokwenda lokesheni na vinaporudi, na kisa hiki nakiandika kirefu kwa sababu nakutana nacho kwa sura tofauti kila mara. Watu wanafunga lenzi za picha mnato kwenye kamera za sinema, picha inakataa, na lawama yote inaangukia lenzi.

Kamera ilikuwa Blackmagic Pocket Cinema Camera 6K Pro, yenye maunti (mahali lenzi inapofungwa) ya EF ya Canon na sensa, kile kipande kinachonasa picha, ya Super 35 yenye upana wa milimita 23.1. Lenzi zilikuwa Nikkor, yaani za Nikon, za zamani za aina ya AI-S, za fokasi ya mkono: 24 f/2.8, 35 f/2, 50 f/1.4 na 105 f/2.5 (namba ya kwanza ni urefu wa fokasi kwa milimita; f ni ukubwa wa tundu la mwanga, na f ndogo ni tundu kubwa). Zote za kukodi, na pete ya kubadilisha maunti kutoka Nikon F kwenda EF, yaani adapta, ilikuja nazo ndani ya boksi.

Uchaguzi wenyewe ulikuwa mzuri, na nautetea. Pwani ya Nungwi ni mchanga, chumvi na vumbi la mbao. Mashua inajengwa juu ya magogo ufukweni, mafundi wako kila upande na nafasi ya kupita ni finyu. Lenzi ndogo ya chuma unayoibeba mfukoni inakusaidia kuliko lenzi kubwa ya sinema inayotaka vyuma vya kuishikilia. Tena AI-S ina pete yake ya tundu la mwanga na fokasi yake ni ya mitambo mitupu. Ukiizungusha hadi alama ya mita 3, itakuwa pale pale leo na kesho. Lenzi nyingi mpya za fokasi ya umeme hazina uaminifu huo: pete inatuma ishara tu kwa mota, na ukizungusha haraka unafika pengine, ukizungusha taratibu unafika kwingine. Huwezi kuitia alama ya chaki ukaitegemea.

Picha iliyoleta shida ilipigwa siku ya kushua chombo, jioni, jua likiwa chini. Kamera ilikaa karibu na omo, sehemu ya mbele ya mashua, lenzi ya 24, tundu limefunguliwa hadi f/2.8. Fundi mkuu alisimama mita 3 kutoka kwenye kamera, umbali umepimwa kwa tepu na alama imetiwa kwenye lenzi. Mashua inapoteleza kuingia majini, msaidizi anatoa fokasi kwa fundi na kuipeleka mbali, hadi pete ya lenzi igonge kikomo chake. Kwenye kioo cha kamera cha inchi 5 kila kitu kilionekana sawa. Kwenye skrini kubwa ya mhariri mambo yakabadilika. Uso wa fundi ulikuwa na ulaini usioeleweka, ule unaokufanya ufikirie macho yako yamechoka. Kamba iliyofungwa omo, mbele yake, ilikuwa kali hadi nyuzi zake zinahesabika. Na mashua ilipofika majini, bahari yote nyuma yake ilikuwa laini, hakuna popote mbali palipokaa kwenye fokasi.

Picha za mchana za lenzi ileile, kwa f/8, hazikuwa na tatizo. Za lenzi ya 50, mikono ya mafundi ikipigilia kalafati (nyuzi za kuziba mianya ya mbao), zilikuwa safi kabisa.

Mpiga picha alikuwa na shaka yake tayari. "Kaka, hii lenzi ina fangasi. Imekaa sana pwani."

Shaka hiyo ina msingi, maana unyevu wa pwani yetu unaua lenzi kweli. Nikawasha tochi, nikaipitisha kwa nyuma nikiwa nimefungua tundu lote. Kulikuwa na vumbi kidogo ndani na utando mwembamba sana pembeni mwa kioo cha nyuma. Lakini fangasi na vumbi hupunguza ukali wa picha nzima na kufanya weusi uonekane kijivu. Haviwezi kuhamisha fokasi kutoka usoni kwa mtu na kuipeleka kwenye kamba iliyo mbele yake. Kwenye picha ile kulikuwa na kitu kikali, ila hakikuwa kile kilichokusudiwa. Hiyo ni dalili ya umbali.

Mshukiwa wa pili alikuwa filta za ND, vioo vya kupunguza mwanga, zilizo ndani ya kamera. Kioo chochote kinachokaa kati ya lenzi na sensa husogeza mahali mwanga unapokutana, kwa takriban theluthi ya unene wake, kwa hiyo filta isiyokaa vizuri ingeweza kuleta mambo haya. Nilipiga chati nikiwa na ND na bila ND, fokasi haikusogea.

Kisha nikaivua lenzi kwenye kamera ya sinema, nikaifunga kwenye kamera ya picha mnato ya Nikon, bila adapta yoyote. Nikaelekeza kwenye mnara wa simu ulio mbali, f/2.8, nikakuza picha kwenye kioo. Vyuma vya mnara vilisimama vikali, kimoja kimoja, pete ya lenzi ikiwa imegonga kikomo. Lenzi ikatoka kwenye orodha ya washukiwa hapo hapo.

Zikabaki kamera na pete. Nilifunga lenzi ya EF kwenye kamera na ikafika infiniti, lakini ushahidi huo sikuutegemea, kwa sababu lenzi nyingi za fokasi ya kujiendesha zimeachiwa nafasi ya kupita infiniti. Zinaweza kuficha kosa la kamera. Ushahidi ulipatikana nilipotumia pete nyingine ya F kwenda EF, ya kwangu, kwa lenzi ileile na kamera ileile. Mnara ukasimama. Niliporudisha pete ya boksi, mnara ukalainika.

Hapa ndipo panapostahili maelezo, kwa sababu wengi huichukulia adapta kama kipande cha chuma kisicho na kazi. Adapta ya aina hii haina kioo ndani, ni kweli, ila ina kazi moja ngumu sana: kushika umbali. Lenzi ya Nikon F imetengenezwa ikae milimita 46.5 kutoka kwenye filamu au sensa, kupimwa kuanzia uso wa maunti. Maunti ya EF iko milimita 44 kutoka kwenye sensa. Tofauti ni milimita 2.5, na pete lazima iwe na unene huo, si zaidi wala pungufu. Ndiyo maana Nikon inakubali kukaa kwenye kamera ya Canon, wakati lenzi za zamani za Canon FD, zenye umbali wa milimita 42, hazikubali kukaa kwenye EF na kufika infiniti bila kioo cha kurekebisha au kubadilishwa maunti. Na ndiyo maana kamera zenye umbali mfupi, kama maunti ya E ya Sony yenye milimita 18, zinapokea karibu lenzi yoyote iliyowahi kutengenezwa kwa kamera za milimita 35.

Niliipeleka pete mtaa wa Gerezani, hapa Dar es Salaam, kwa fundi wa mashine za kukereza vyuma ninayemwamini kwa vipimo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kidude gani tena hiki?"

Nikamweleza nataka unene, kutoka uso unaogusa kamera hadi uso unaogusa lenzi, sehemu nne za mzunguko. Akafuta mafuta mikononi, akaifuta na pete yenyewe, akaibana kwenye maikromita taratibu. Akasoma: 2.56, 2.56, 2.57, 2.55. "Unataka mbili na nusu? Hii imezidi sita," akasema, akimaanisha sehemu sita za mia. "Kwenye beringi hiyo si ndogo."

Milimita 0.06 ni kama unene wa unywele wa mtu. Swali la mpiga picha likawa lile ambalo kila mtu angeuliza: unywele unawezaje kufuta bahari?

Hesabu yake ni rahisi. Lenzi inapokuwa kwenye infiniti, picha inaundwa kwenye umbali wa urefu wake wa fokasi. Ili ilenge kitu cha karibu, inasogea mbele kidogo. Pete iliyozidi unene inaisogeza mbele hata kabla hujagusa kitu, kwa hiyo kikomo cha infiniti kinakuwa si infiniti tena. Kujua kimekuwa wapi, zidisha urefu wa fokasi kwa wenyewe, kisha gawanya kwa kosa. Kwa lenzi ya 24: 576 kugawanya kwa 0.06 ni milimita 9,600. Yaani mwisho wa lenzi hiyo ulikuwa kama mita 9.6. Kila kilicho mbali zaidi ya hapo hakingeweza kulengwa, hata ungeizungusha kwa nguvu zote. Kwa lenzi ya 35 mwisho ni kama mita 20, kwa 50 ni kama mita 42, na kwa 105 ni zaidi ya mita 180.

Hapo watu husema, basi lenzi ndefu hazidhuriki. Si kweli, na ni vizuri tulione hili wazi. Ukielekeza lenzi yoyote kati ya hizo kwenye upeo wa bahari kwa tundu lilelile, doa la ukungu kwenye sensa ni lilelile: kosa kugawanya kwa namba ya f. Kwa f/2.8, 0.06 inatoa doa la milimita 0.021. Sensa hii ina pikseli 6,144 kwenye upana wa milimita 23.1, kwa hiyo pikseli moja ni kama milimita 0.0038. Doa linafunika karibu pikseli 6, na hata ukiishusha picha hadi 4K bado zinabaki zaidi ya 3. Kwa f/8 doa ni milimita 0.0075, pikseli 2, na hakuna atakayelalamika. Hivyo ndivyo mchana ulivyoficha kosa. Lenzi ya 50 nayo ilionekana nzima kwa sababu kazi yake yote ilikuwa mikono, nyuso na misumari. Hakuna aliyeielekeza mita 42 na zaidi akiwa amefungua tundu.

Uso wa fundi je? Hapa ndipo kosa la unywele linapouma zaidi. Lenzi ya 24 ikilenga mita 3 inasogea mbele milimita 0.19 tu kutoka kwenye infiniti. Ongeza 0.06 ya pete, unapata 0.25, na hiyo ni fokasi ya mita 2.3. Alama ilisema 3, tepu ilisema 3, msaidizi alifanya kazi yake sawasawa, na lenzi ikalenga kamba iliyokuwa kwenye mita 2.3. Kwa f/2.8, uso wa fundi ukabaki ukingoni mwa kina cha fokasi: haukufutika, ila haukusimama. Kwa lenzi ya 50 kosa lilelile linahamisha mita 3 kuwa mita 2.8, na mvuta fokasi anayeangalia kioo analirekebisha bila hata kujua. Kwa maneno mengine, njia yote ya lenzi ya 24 kati ya mita 3 na infiniti ni milimita 0.19, na pete ilikuwa imeila theluthi yake.

Nimewahi kuambiwa kwamba dawa ni kununua pete nyembamba na kusahau. Watengenezaji wengi wa adapta za bei ndogo wanafanya hivyo makusudi, wanapunguza unene ili mnunuzi asije kulalamika kuhusu infiniti. Kwa anayelenga kwa macho, sina ugomvi naye, pete nyembamba itamfaa. Kwa timu inayovuta fokasi kwa alama ni hasara ileile kwa upande wa pili. Pete iliyopungua 0.05 inaigeuza alama ya mita 3 kuwa mita 4 kwenye lenzi hii, na kikomo hakina maana tena, kwa sababu ukigonga kikomo umeshapita infiniti na bahari inalainika upya. Mvuta fokasi anahitaji mahali pa kupumzisha mkono. Kuna na jambo dogo la ziada: Nikkor ya 24 f/2.8 ni ya ukoo ulioanza mwaka 1967, wa kwanza kwa Nikon kuwa na vioo vinavyosogea kwa kupishana ili picha ya karibu isiharibike pembeni. Vioo hivyo vinafuata alama za pete ya lenzi. Alama zikidanganya, na marekebisho yanakuja mahali pasipo pake. Kwa 0.06 hutaliona kwa macho, lakini sababu ya kutaka umbali sahihi inazidi kuwa nzito.

Tengenezo lenyewe halikuwa la kutumia tupa. Kusugua pete kwa mkono ni njia ya uhakika ya kuipinda, na pete iliyopinda inalainisha upande mmoja wa picha, ugonjwa mbaya kuliko ule wa kwanza. Tulitafuta pete za vipande viwili vinavyoungwa kwa skrubu ndogo, kila moja ikapita kwenye maikromita, tukachukua zilizosoma kati ya 2.45 na 2.48. Kisha zikaongezwa shimu, yaani karatasi nyembamba za shaba za 0.01 na 0.02, kati ya vipande hivyo viwili hadi zikasoma 2.50 pande zote. Pete moja kwa kila lenzi, na haivuliwi tena. Pete moja inayohama kutoka lenzi hadi lenzi inalika, springi zake zinalegea, na lenzi inaanza kucheza pale mvuta fokasi anapobadili mwelekeo.

Jaribio la mwisho lilikuwa chati kwenye ukuta, mita 3 kutoka kwenye alama ya sensa iliyochorwa juu ya kamera, f/2.8. Pete ya lenzi kwenye 3, chati kali. Nje, mnara, kikomo, vyuma vimesimama. Hapo nikarudisha boksi.

Nilimweleza mpiga picha mkuu na upande ambao pete haiutibu. Sehemu ya mita 3 hadi infiniti kwenye lenzi hii ni chini ya sehemu ya kumi ya mzunguko wote wa pete ya fokasi. Kuvuta kutoka usoni kwa fundi hadi baharini ni kuhamisha kidole kidogo tu, na hakuna mkono unaofanya hivyo mara tano kwa namna moja. Pete za Nikon pia huzunguka kinyume cha lenzi za Canon na nyingi za sinema, kwa hiyo msaidizi aliyezoea huku anakosea huku, isipokuwa kama kuna mota ya fokasi inayogeuzwa kwa mpangilio. Tundu la mwanga lina mbofyo, na ukilibadili katikati ya picha mwanga unaruka na maikrofoni inasikia. Ukivuta fokasi na lenzi ya 50, fremu inapanuka na kusinyaa.

Mambo hayo ndiyo unayoyalipia kwenye lenzi ya sinema. Mfano mzuri ni Zeiss CP.2: vioo vyake vingi vimetoka kwenye lenzi za picha mnato za Zeiss za ZE na ZF, na ukiweka picha mbili pembeni kwa pembeni utapata tabu kuzitofautisha. Kilichobadilika ni mwili. Fokasi inazunguka nyuzi 300, meno ya gia yapo tayari, kipenyo cha mbele ni milimita 114 kwa nyingi kati yake ili vifaa visibadilishwe kila unapobadili lenzi, na maunti inafungwa na kupangwa kwa shimu, kazi ileile tuliyoifanya sisi kwa karatasi za shaba. Anayesema lenzi za sinema ni jina tu hajawahi kuvuta fokasi jioni, tundu limefunguka, chombo kinateleza na hakitarudishwa juu ya magogo kwa ajili yake.

Hata hivyo, kwa filamu hii ushauri wangu ulikuwa wabaki na Nikkor. Fedha ya kukodi seti ya sinema kwa miezi ambayo mashua inajengwa haikuwepo, na picha za mchana na za mikono zilishathibitisha kwamba vioo vinatosha, tena rangi ya mbao na mafuta ya sifa (mafuta ya samaki yanayopakwa chombo) ilitoka vizuri sana. Tulikubaliana kwamba mivuto mirefu ya fokasi ifanywe kwa lenzi ya 35, yenye njia ndefu kidogo, na tundu lisifunguliwe kupita f/4 pale bahari inapokuwa sehemu ya hadithi. Kuhusu upana, 24 kwenye sensa hii inaona nyuzi 51 kwa mlalo, karibu na inavyoona lenzi ya 37 kwenye kamera ya fremu kamili. Kwa omo ya mashua kutoka mita 3 ni finyu, na hilo ndilo lililomlazimu kusogea kwenye kona yenye giza na kufungua tundu. Akaongeza Nikkor ya 20 kwenye boksi, na pete yake ikapimwa kabla haijafungwa.

Picha ya kushua haikuweza kurudiwa. Mhariri aliikata pale fokasi inapoanza kuondoka kwa fundi, akaunganisha na picha ya lenzi ya 105 iliyopigwa na kamera ya pili kutoka kwenye jiwe la pembeni, kwa f/5.6. Waliotukodishia lenzi walipelekewa pete ya zamani pamoja na vipimo vyake vinne, vimeandikwa kwenye karatasi na kufungwa nayo kwa rababendi.